Fundi wa chokaa kaenda kuona mawe yakiwa hai: siku sita, Lamu hadi Malindi

Siku ya kwanza, Lamu

Mi ni fundi wa nyumba za mawe, miaka 18 sasa nabomoa na kujenga kuta za matumbawe hapa mjini, nimepaka chokaa misikiti, majumba, hadi vyoo vya watu, na ungeniuliza juzi tumbawe ni nini ningekwambia ni jiwe, jiwe la baharini, bas, kwani kuna lingine? Safari hii imeanza kwa ubishi.

Binti ya mjomba wangu anasomea mambo ya bahari, kaja likizo, akanikuta mtaa wa Mkomani nachimbua plasta ya zamani kwenye kidaka, shubaka la ukutani. Kikaanguka kipande cha tumbawe laini, lile ambalo wazee walikuwa wakilitoa baharini bichi wakalichonga nakshi kabla halijakauka, ukilivunja ndani lina vitundu vitundu kama sega la nyuki. Kakiokota, kakipuliza vumbi, akaniambia kaka, hii ni kaboni. Nikamwambia hii ni chokaa dada, usinifundishe kazi yangu. Akasema haya, na chokaa waitoa wapi? Tanurini. Magogo ya mikoko yanapangwa duara, matumbawe juu, moto usiku kucha, kisha unamwagia maji yanapasuka yenyewe yanakuwa unga. Akasema sawa, na ule uzito unaopungua mle tanurini unakwenda wapi?

Hapo kanishika. Kila fundi ajua jiwe likitoka tanurini ni jepesi, kijana mmoja abeba gunia ambalo asubuhi walibeba wawili, lakini sijawahi kujiuliza kilichopungua kimekwenda wapi. Akanipigia hesabu ukutani kwa mkaa: gramu 100 za jiwe safi la matumbawe likiungua sawasawa zabaki 56, zile 44 ni hewa ya kaboni imepaa na moshi. Halafu akaniambia jambo ambalo limeninyima usingizi, kwamba plasta ya chokaa ikikaa ukutani miezi na miezi ikawa ngumu, ni kwa sababu inaivuta hewa ile ile ya kaboni pole pole inarudi kuwa jiwe. Mi nilifundishwa tu kwamba chokaa haitaki haraka na haitaki ukuta mkavu, marehemu ustadhi wangu hakusema zaidi ya hapo, na nadhani na yeye hakuambiwa.

Nikamuuliza sasa kabla ya tanuri, hiyo kaboni ndani ya jiwe imeingizwa na nani? Akacheka. Akasema kaka, hilo jibu haliko ukutani, liko majini, twende Malindi kuna nahodha namjua.

Nilikuwa nasubiri boriti wiki nzima, kazi imesimama. Nikaenda.

Siku ya pili, barabarani

Alfajiri tumevuka na boti hadi Mokowe, mahamri mfukoni, basi likaondoka bado kiza. Njia ni ile ile mwaijua, Hindi, Witu, mnashuka mnakaguliwa vitambulisho mnapanda, mnashuka tena. Mama mmoja nyuma yetu alikuwa na kuku watatu ndani ya kikapu na wote watatu walikuwa na maoni.

Dada kanionyesha picha kwenye simu. Tumbawe si jiwe, jiwe ni nyumba tu. Mwenye nyumba ni mnyama mdogo laini, umbo kama ua, ana mdomo mmoja na vijikono kuuzunguka, wanaita polipu, na wako maelfu wamejengeana bega kwa bega kama sisi mitaa ya Lamu, ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Mpaka hapo nilikubali. Kisha akasema ndani ya nyama ya huyo mnyama, sio juu yake, ndani kabisa ya chembe zake, unaishi mwani. Mwani mdogo wa chembe moja moja, na kwenye eneo la sentimita moja ya mraba, yaani kama ukucha wa kidole changu cha mwisho, wako milioni moja hadi mbili.

Nikamwambia hapo umezidisha.

Akasema rangi ya kahawia na manjano unayoiona kwenye tumbawe hai ni ya huo mwani, nyama ya mnyama mwenyewe inaonyesha kama kioo. Mjerumani mmoja, Karl Brandt, aliwapa jina zuzanthela mwaka 1881, na kwa muda mrefu watu walibishana kama hao ni wageni, wezi au wafanyakazi. Mi nikakumbuka ule msemo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akaniambia kaka umemaliza somo la wiki moja, hao wamepewa jembe tena siku nyingi sana.

Baada ya Gongoni tukafika daraja la Sabaki. Mvua ilikuwa imenyesha bara na mto ulikuwa rangi ya chai ya maziwa, mzito, unakwenda baharini na matawi ya miti juu yake. Dada akaacha kuongea. Akanambia maji haya mengine yametoka upande wa Nairobi, ndio Athi huo huo unabadilisha majina njiani, na msimu wa upepo wa kaskazi mkondo unayasukuma kusini, yaani kwenye matumbawe ya Malindi kabisa, kusi likishika ndio yanaenda kaskazini. Udongo unafunga jua. Mwani bila jua ni fundi bila nyundo. Na mbolea na maji machafu yaliyomo humo yana ubaya mwingine, lakini huo, akasema, ngoja nitakwambia mbele ya nahodha, yeye ana mfano mzuri kuliko wangu.

Siku ya tatu, Malindi

Bahari mbaya, maji ya kahawia mpaka mwambani. Hatukuingia.

Tukaenda nguzo ya Vasco da Gama kupoteza saa. Yule Mreno alifika Malindi 1498. Watalii wanapiga picha msalaba, mi nikaenda kuigusa nguzo. Ni matumbawe! Msalaba wa juu ndio jiwe lililotoka Lisbon, lakini mwili wote ni mawe yetu haya haya. Nikamwambia dada hata huyu kajengewa na wanyama wako wa mdomo mmoja. Mlinzi akanitazama vibaya maana nilikuwa nakwaruza kwa kucha.

Jioni tukamkuta nahodha ufukweni anaziba mashua kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa. Mzee wa miaka sabini na kitu, mkono mmoja haunyooki vizuri. Masalkheri nahodha, masalkheri wanangu, karibuni, tukaletewa kahawa chungu na kashata. Dada akamwambia ami, huyu kaka yangu ni fundi, mweleze ule mgao.

Mzee akaweka nyundo chini. Akasema mkirudi na samaki, mkauza, kwanza mnatoa mafuta na barafu. Kinachobaki ndio mnagawana, chombo kina fungu lake hata kama hakina mdomo, nyavu zina fungu lao, nahodha, mabaharia. Sasa tumbawe ndilo chombo, mwani ndio mabaharia, na samaki wenyewe ni sukari. Chombo kinawabeba mabaharia, kinawapa mahali pa kukaa juani pasipo kuliwa na mtu, na wao wanavua mwanga. Lakini angalia ajabu ya mgao wa humu, akasema, chombo kinachukua karibu zote.

Nikadhani ni chumvi za wazee. Dada akasema hapana, kwenye maji safi ya kina kifupi na jua zuri, zaidi ya asilimia 90 ya kaboni ambayo mwani unainasa inaweza kuhamia kwa tumbawe, na hiyo inaweza kutosha kulipia pumzi yote ya mnyama kwa siku nzima. Inatoka kwa sura ya glukosi hasa, glisaroli, mafuta mafuta. Nikauliza nani kahesabu, nani kaingia ndani ya kitu kidogo hivo? Akasema mwaka 1958 Wamarekani wawili, Leonard Muscatine na Cadet Hand, walichukua anemoni ya bahari, ni jamaa wa tumbawe, wakaupa mwani wake kaboni yenye alama ya mionzi kisha wakaifuata ile alama, wakaikuta ndani ya nyama ya mnyama. Kama unatia rangi kwenye tangi la maji msikitini kujua bomba gani linavuja. Hiyo nilielewa mara moja, nishaifanya.

Lakini kwa nini baharia akubali mgao kama huo? Mzee akanyamaza akanywa kahawa. Akasema kwa sababu ananyimwa kitoweo.

Hapa ndipo pana utamu na ndipo nilipokaa mpaka isha. Sukari ni nguvu tu, ni kama wali mtupu. Ili mwani ujenge mwili, uzaane, uwe wengi, unahitaji nitrojeni ya kutengenezea protini, na nitrojeni bahari yetu ya bluu haina ya kutosha, maji safi ni maji yenye njaa. Tumbawe lenyewe linatoa kidogo kwenye taka zake, amonia, na hata hiyo linaishikilia lisiimwage yote kwa mwani. Kwa hivo mwani unapiga jua kutwa, unatengeneza sukari kushinda inayoweza kuitumia, hauna cha kuijengea, inabaki ziada, ndio inakwenda kwa mwenye nyumba. Sio ukarimu. Sio upendo kama wanavyotangaza kwenye vipindi. Ni baharia aliyeshibishwa wali na kunyimwa samaki, na mkono wa mwenye chombo ndio umeshika chungu.

Na mbolea ya Sabaki? Dada akasema ndiyo hiyo sasa. Ukimwagia nitrojeni kutoka nje, chungu kimefunguliwa na mtu mwingine.

Siku ya nne, ndani ya maji

Maji yametulia, upepo hakuna, hii ni ile tangambili kaskazi limechoka na kusi halijaja. Ni bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana, maji ya kupwa kabisa saa nne hivi asubuhi. Tukalipa kiingilio cha hifadhi, Malindi na Watamu zilitengwa 1968, kwa hivo kuna mawe humu hayajaguswa na fundi kwa zaidi ya miaka 50, na nakiri nilikuwa nayaangalia kwa jicho baya la kazi.

Miwani ya kupigia mbizi niliyokodi ilikuwa inavuja, mwenye duka alisema ni ndevu zangu. Labda.

Sasa sijui niandikeje. Nimezaliwa kisiwani, naogelea toka sijui kusema vizuri, nimekanyaga matumbawe maisha yangu yote nikitafuta pweza, na sijawahi kuinamisha uso nikatulia. Kuna moja ni duara kubwa kama kuba la msikiti, kahawia ya manjano, dada akasema hili ndilo jamaa ya lile laini la kidaka chako. Pembeni yake kuna yale ya matawi kama pembe za paa, ncha zake nyeupe, nikashtuka nikadhani yanakufa, akanambia hapana ncha ndio mpya, zinakua haraka mwani haujafika bado. Pono anatafuna jiwe unasikia kabisa, kwa, kwa, kwa, kisha anakunya mchanga. Nimeona kwa macho yangu. Mchanga niliochanganya kwenye plasta miaka yote hii mwingine umepitia tumboni mwa samaki.

Tulishika kamba ya mashua tukapumzika, dada akaanza kuniambia kaboni inavyoingia, na nilimwelewa kwa sababu tulikuwa tunalitazama lile kuba chini yetu. Kaboni iliyoyeyuka baharini nyingi sio hewa, ni bikaboneti, na mwani haupendi hivo unataka hewa yenyewe. Kwa hivo tumbawe linafanya kazi ya tanuri. Kila chembe ya mwani imefungiwa ndani ya kijumba chake, na mnyama anapampu asidi mle ndani, bikaboneti ikikutana na asidi inageuka hewa ya kaboni, mwani unaidaka. Juu yake kuna pumzi ya mnyama mwenyewe, anachopumua yeye ndicho wanachovuta wao, na oksijeni yao ndiyo anayovuta yeye. Nikamuuliza kwa hivo hii hewa inazunguka tu humo ndani? Akasema nyingi yake ndiyo, inazunguka, ndiyo maana mwamba unaweza kunawiri kwenye maji ambayo hayana kitu, watu walisumbuka sana kuelewa bustani nene kama hii inakula nini.

Na jiwe? Nilikuwa nangojea jiwe.

Jiwe linajengwa chini ya nyama, tumbawe linachukua kalsiamu na bikaboneti mbili, moja inakuwa jiwe na ya pili inaachia hewa ya kaboni. Rudia hapo, nikamwambia. Kujenga jiwe kunatoa hewa? Kunatoa. Mi miaka nilidhani, na nimewahi kumwambia mtu wa wageni kwa kujiamini kabisa, kwamba matumbawe yanasafisha hewa kama mikoko. Mikoko sawa, inazika kaboni kwenye tope, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kwetu Lamu. Mwamba sio ghala ya namna hiyo, mwamba ni soko, kaboni inaingia asubuhi na jioni ishabadilisha mikono mara nyingi. Hiyo hewa inayotoka kwenye ujenzi wa jiwe, mwani ukiwa karibu unaweza kuila. Na jua likiwaka jiwe linajengwa haraka zaidi kuliko usiku, kwa sababu sukari ndiyo inalipa mafundi.

Nikacheka nikameza maji ya chumvi.

Kisha akanionyesha ute. Kwenye yale yaliyokaribia kutoka nje ya maji kulikuwa na utelezi unang'aa unaning'inia kama uzi wa bamia. Nimeujua toka utoto, ukikanyaga unateleza, hatukuupa heshima yoyote. Kumbe ni mgao pia. Kwa aina fulani za matawi karibu nusu ya kaboni iliyonaswa na mwani inaweza kuishia hapo, inamwagwa nje, inalinda nyama isikauke na jua na inakamata uchafu, bakteria wanaula, wadogo wanakula bakteria, samaki wanakula wadogo, na mzee juu ya mashua akasema, akiwa anasikiliza muda wote kumbe, na mimi nikala samaki.

Nikauliza wanyama hawa wanaupataje huo mwani kwanza. Wengine mama anaweka kwenye yai, mtoto anazaliwa na mabaharia wake. Wengi wanazaliwa watupu wanaokota majini.

Nilikuwa na kipimajoto cha jikoni, kile cha kupimia shira, nikakifunga kamba nikakizamisha. Kikasoma 30 na nusu. Mzee akakitazama hakusema kitu.

Siku ya tano, usiku

Mchana nimelala, mgongo umeungua, mafuta ya nazi na kulalia tumbo. Usiku maji yakipwa tena saa nne tukaenda na tochi kwenye vidimbwi vya mwambani nje ya hifadhi, pole pole, tunakanyaga mchanga tu, dada alikuwa mkali kuhusu hilo kuliko askari.

Kuba dogo ambalo mchana ningesema ni jiwe limefunga, usiku limeota manyoya. Kila tundu limetoa vijikono, vinapepea. Tochi ikavuta wadudu wa majini wale wadogo kama vumbi, na wakigusa vile vijikono wanakwama. Dada akanong'ona, kitoweo hicho. Sukari ya mchana ni wali, hawa wa usiku ndio samaki, ndio nitrojeni na fosforasi ambazo mwani hauwezi kumpa. Tulikaa pale nadhani saa nzima. Mbu walitufaidi.

Tulirudi kwa mzee akatupa viazi karai na chai ya tangawizi na ndipo akaongea habari ya 1998. Sikumuuliza. Alisema mwaka ule bahari ilikuwa moto kama maji ya kuoshea maiti, usiku hata haipoi, na mwamba ukawa mweupe wote, mzuri wallahi, kama umepakwa chokaa mpya, vijana walikuwa wanaenda kuangalia. Miezi kadhaa baadaye ukaota majani machafu. Sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ilikufa mwaka ule, na joto likarudi 2016, na 2024 wanasayansi wakatangaza kupauka kwa nne kwa dunia nzima. Kinachotosha kuanzisha balaa ni maji kuzidi nyuzi 1 tu juu ya kawaida ya mwezi wenye joto kuliko yote, yakakaa hivo wiki kadhaa.

Mi nikasema kwa hivo joto linawafukuza mabaharia, chombo kinabaki kitupu. Mzee akatikisa kichwa, akanyoosha ule mkono usionyooka. Hapana fundi. Wewe waanza kuhesabu pale watu waliposhuka. Shida ilianza baharini, kabla ya kufika pwani, siku mabaharia walipoanza kuwakaanga samaki ndani ya chombo.

Dada akaieleza kwa maneno ya chuo na ni hivi, nimeiandika usiku ule ule nisisahau. Maji yakipata moto, mnyama anachoka, anachoma nguvu nyingi, akiba haitoshi anaanza kuvunja protini za mwili wake mwenyewe. Ukivunja protini inatoka amonia. Yaani ile nitrojeni aliyokuwa akiibana miaka yote sasa anaimwaga mwenyewe mle ndani. Mwani ukapata kitoweo. Ukipata kitoweo hauna ziada tena, sukari yake unaijengea mwili wake, unazaana, na kinachovuka kwenda kwa mwenye chombo kinapungua. Mwenye chombo akipungukiwa anavunja protini zaidi. Amonia zaidi. Unaona linavyozunguka? Na wakati wote huu rangi iko pale pale, mwani umejaa, ukipita na mashua yenye kioo chini utasema mashallah. Weupe unakuja mwisho, mambo yakishaharibika kabisa mwani ukaanza kutoa sumu ya oksijeni na mnyama akautema.

Kwa hivo tumbawe linaweza kuwa na njaa likiwa na rangi nzuri. Hili ndilo nilikuwa sijui na ndilo lililonikaa. Mi kazi yangu ni kuta, na nimeshaona ukuta umepakwa vizuri nje, ndani chumvi imeshakula, unagonga unasikia sauti ya ngoma.

Nikauliza hakuna mabaharia wanaovumilia joto? Wapo, aina nyingine ya mwani, tumbawe likiwa nao linastahimili zaidi lakini wanatoa sukari kidogo, na linakua pole pole. Mzee akasema kijana mvivu asiyeugua homa, nimewahi kuwa naye.

Kabla ya kulala dada aliniambia tena jambo moja la kifundi. Yale makuba makubwa yanajijengea tabaka mwaka kwa mwaka kama miti, na watafiti walitoboa moja hapa hapa Malindi wakatoa nguzo ya jiwe, wakasoma ndani yake habari za joto la bahari kutoka 1801 hadi 1994. Miaka 194 ndani ya jiwe moja. Nimechonga mangapi mimi? Nimechoma mangapi?

Siku ya sita, kurudi

Asubuhi kabla ya basi niliomba turudi kwa lile kuba mara moja. Nililipiga picha pande nne, nikaweka kipande cha kanga ya dada karibu ili rangi ijulikane, kipimajoto kikasoma 31 kasoro kidogo. Upande mmoja, wa jua la mchana, nahisi ulikuwa umekolea kahawia kuliko upande mwingine. Dada hakusema neno, akaandika kwenye daftari lake.

Sabaki bado chai ya maziwa. Witu tukala mapapai. Boriti zimefika, lakini fupi, sitaki kuongea.

Kidakani pale Mkomani nimechanganya chokaa nikapaka koti ya kwanza, nyembamba, nimeifunika gunia la maji isiharakishe, iko pale inavuta hewa yake.

Wiki mbili baadaye nahodha kanitumia ujumbe wa sauti, upepo mwingi nyuma, anasema kapita pale, bado lina rangi yake, zuri, lisikutie wasiwasi fundi. Halafu akanyamaza kidogo, nikasikia mashua inagonga, akaongeza: lakini usiku nilimulika tochi, halikufunguka. Nimemtumia dada ule ujumbe na nimekata tiketi ya bamvua inayofuata.